Mtani wa Kumzika Kamanda

Kaka yangu Mhoja alikufa asubuhi, na jua lilipofika utosini akakohoa.

Hatukushtuka sana. Mama alikuwa amekaa kando ya kitanda cha kamba, akamvutia shuka hadi kidevuni kama alivyokuwa akimfanyia utotoni, akamwambia, "Tulia, Mhoja, umekufa." Kaka akatulia. Lakini mimi niliyekuwa mlangoni nilikiona kidole chake cha shahada kikinyooka chini ya shuka, kile alichozoea kuwaonyeshea watu mahali pa kwenda kufa, nikajua muda tulionao ni mdogo.

Nieleze, maana mgeni anaweza kudhani sisi ni watu wa ajabu. Si wa ajabu. Ni watu tulioachwa na watani wetu. Nchi yetu ina mlima na ina bonde, na katikati unapita mto. Sisi ni wa mlimani. Wa bondeni walikuwa watani wetu tangu zamani. Babu zao na babu zetu walipigana wakachoka, wakakubaliana kwamba kuanzia hapo watatukanana tu. Msiba ukiingia kwetu, wa bondeni walikuja. Walivaa nguo za marehemu, wakaiga sauti yake na mwendo wake, wakataja ulafi wake mbele ya wajane, wakaficha majembe, wakalala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka wagombolewe kwa kuku au mtungi wa pombe. Sisi tulilia huku tunacheka. Wao wakifiwa, tulikwenda tukawafanyia vivyo hivyo. Na marehemu, aliposikia anachekwa naye hana namna ya kujibu, ndipo alipoelewa kwamba amekufa. Basi akalala.

Tangu vita, hakuna mtani aliyevuka mto. Tunazika kwa heshima. Tunapiga mizinga, tunasimama wima, tunasoma wasifu uliojaa sifa, na marehemu anausikia wasifu huo na kuona kwamba mtu mwenye sifa zote hizo hana sababu ya kufa. Kesho yake anarudi. Anakaa barazani, anaomba chai, anauliza ni nani amesogeza kiti chake. Karibu kila nyumba ya mlimani ina marehemu wake. Jirani yetu ana baba mkwe aliyezikwa zamani ambaye mpaka leo analalamika mgongo unamuuma. Tumewazoea. Wanachukua nafasi, wanakula kidogo, hawana madhara.

Lakini Mhoja alikuwa Kamanda. Marehemu wa kawaida akirudi anaomba chai. Mhoja akirudi ataomba jeshi, na jeshi lilikuwa limeshajipanga uani kwetu, kimya, buti kwa buti, likingoja kuona kama amri itakoma au itaendelea. Vita vilikuwa vimelala kwa sababu Mhoja alikuwa mgonjwa. Havikulala kwa sababu nyingine yoyote.

"Nyamizi," mama aliniita. "Nenda bondeni ukalete mtani."

"Mama, hakuna aliyevuka mto tangu vita."

"Nalijua hilo. Nenda sasa. Mimi nitakaa naye, nitamsimulia mambo ya utoto wake. Hakuwahi kuyapenda, yatamchosha."

Nikajifunga kanga, nikashuka.

Sasa, njia ya kwenda bondeni ina tatizo moja. Katika nchi yetu vita havipiti. Kwingine, nasikia, vita vikiisha vinaingia vitabuni na mahali vilipopiganwa panaota majani. Kwetu vinabaki pale pale. Vita vya Maghala viko kwenye maghala, vya Kivukoni viko kivukoni, vya Kigoda viko uwanjani kwenye kigoda, na anayepita hapo anaingia siku ile ile, na atakuwa nani humo, hachagui mwenyewe. Na kwa kuwa vita vyetu vilianzia bondeni vikapanda kuja mlimani, mimi niliyekuwa nashuka nilikuwa naelekea mwanzo wake. Kila hatua umri ulinipungua. Magoti yaliacha kuniuma kabla sijafika kwenye maghala, na sikufurahi, maana nilijua yanaacha kuuma kwa sababu gani.

Njiani nilijiuliza swali ambalo nimekuwa nikijiuliza tangu nianze kuelewa mambo. Mamlaka ni nini? Si bunduki, maana bunduki hata mwizi anayo. Si kigoda, kigoda ni mti uliochongwa, na kuku analala juu yake asipofukuzwa. Nilimwangalia Mhoja maisha yangu yote, kaka yangu ambaye mama anasema utotoni aliogopa bata, na sikuwahi kuona kitu ndani yake ambacho hakikuwemo siku za bata. Kilichobadilika kilikuwa nje yake. Kilikuwa kwenye nyuso zetu. Sote, bila kikao, tulikuwa tumekubaliana kutocheka. Basi pengine mamlaka ni hilo tu, nyuso nyingi zinazojizuia kwa wakati mmoja, na yule aliye katikati hana habari kwamba anashikiliwa na midomo ya watu. Au pengine anazo. Nilikuwa sijui bado.

Kwenye Maghala nilikuta njaa. Hivi ndivyo vita vya mwisho, vile ambavyo kila upande unasema ulishinda. Wa mlimani waliamini kwamba nafaka yote ya nchi imefichwa kwenye maghala na wa bondeni. Wa bondeni waliamini imefichwa na sisi. Watu waliokuwa wameishiwa nguvu za kutembea wakapata nguvu za kupigana. Nilipita katikati yao, mara nina njaa ya huku, mara nina njaa ya kule, na niseme ukweli, hazikuwa na tofauti. Mlango ulipovunjwa ndani hamkuwa na kitu ila ufagio uliosimamishwa ukutani. Mtu alikuwa amefagia. Wapiganaji wa pande zote mbili walisimama wakautazama ule ufagio kwa muda mrefu. Kisha wakarudi makwao, na huko ndiko kuisha kwa vita, ambako baadaye kuliandikiwa Mkataba wenye muhuri. Nikapita.

Kivukoni ndipo nilipoteleza. Mguu wangu uliingia majini ukiwa mtupu, na ulipotoka ulikuwa na buti.

Nilikuwa mimi, Nyamizi, na nilikuwa Mhoja. Nilisimama ukingoni na jeshi nyuma yangu, nikiwa na umri aliokuwa nao siku ile, umri wa mtu anayenyoa ndevu kwa fahari. Ng'ambo ya mto vijana wa bondeni walikuwa wanaingia majini. Hawakuwa na silaha. Walikuwa wamevaa kanga za mama zao na vilemba vya kike, wanapiga masufuria, wanaimba matusi ya msibani, yale ya zamani, yanayotaja ukoo wetu na harufu yetu. Waliamini bado sisi ni watani. Ndilo kosa lao, na hakuna watu wengine duniani ambao wangeweza kulifanya: waliona kwamba vita vimezidi, wakafikiri dawa yake ni ile ile ya babu zao, kwamba wakija kutucheka tutacheka nao na sote tutakwenda kula.

Mbele yao alikuwapo kijana mmoja mwembamba aliyejifunga kanga ya kijani. Alibeba mwiko begani mithili ya bunduki. Kifuani alikuwa amebandika vifuniko vya soda kuwa nishani. Na alikuwa anatembea kama Mhoja. Alikuwa anatembea kama mimi. Kidevu juu, goti gumu, kidole cha shahada mbele. Ulikuwa mwigo mzuri mno. Nyuma yangu nikasikia askari mmoja akivuta pumzi kwa pua, mwingine akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Ndipo nilipoihisi hofu ya kaka yangu, nikiwa ndani yake, na sikuwahi kujua kwamba alikuwa nayo. Ilianzia miguuni. Alikuwa anajua. Miaka yote nilijiuliza kama anajua, na alikuwa anajua vizuri kuliko mimi: kijana yule akifika kwenye mchanga, midomo ile nyuma itafunguka, na ikifunguka hakutakuwa na Kamanda tena, atabaki mtu aliyeogopa bata. Nilijaribu kukishikilia kidole. Nawaapia nilijaribu. Lakini siku ile ilikuwa imeshapita, na kidole hakikuwa changu. Kilinyooka, na bunduki zikalia.

Waliochora ramani za vita wanaandika kwamba hapo ndipo vita vilipogeuka, kwamba aliyeshika kivuko alishika nchi. Ni kweli. Lakini mimi niliona kitu kingine kikigeuka. Nilipotazama nyuma, askari walikuwa na nyuso ambazo hawakuwa nazo kabla, na nyuso hizo ndizo walizokuja nazo nyumbani wakazaa watoto wanaofanana nazo.

"Chimbeni hapa hapa," nilisema kwa sauti ya Mhoja. "Sawazisheni. Pigeni matuta. Pandeni viazi."

"Viazi, Afande?"

"Viazi vinatambaa. Vinafunika haraka."

Na hapo nikaelewa, nikatamani nisingeelewa. Kila mwaka, Siku ya Ushindi, sisi wa mlimani tunagawiwa viazi vitamu kutoka shamba la Kivukoni. Kila nyumba inapata fungu lake. Tunavichemsha, tunavila tukiwa tumesimama kwa heshima. Ni vikubwa, vyekundu, vinasifiwa nchi nzima. Nimevila tangu utoto. Mama alikuwa akinichagulia kilicho bora.

Nilitoka majini upande wa pili nikiwa na miguu yangu mwenyewe. Nilikaa kwenye mchanga nikalia, kisha nikanyanyuka, kwa sababu kule nyumbani maiti ilikuwa inakohoa.

Uwanja wa Kigoda nilifika nikiwa mtoto. Mzee wa Nchi alikuwa amekufa, na uwanja ulijaa watu wa mlimani na wa bondeni, wamechanganyika, na kutoka nilipokuwa nimekaa, mapajani kwa mama, niliona kila kitu. Mtani mmoja wa bondeni, mwanamke mnene mwenye meno meupe, alikuwa amekalia kigoda cha marehemu. Alikuwa amevaa kofia yake. "Kuanzia leo mimi ndiye Mzee wa Nchi," alitangaza. "Kodi ni jogoo mmoja kwa kila mtu. Asiye na jogoo atawike mwenyewe." Watu wakawika. Wajane walikuwa wameegemeana kwa kicheko, machozi yanawatiririka.

Akasimama Mhoja. Alikuwa amerudi karibuni kutoka masomoni, chuo cha kijeshi cha mbali ambako hawafundishi utani. Hakucheka. Alisema kwa sauti ya kusoma, "Mwanamke huyu amepindua serikali. Akamatwe."

Na watu wakacheka zaidi. Hilo ndilo lililoiua nchi yetu. Walidhani ni zamu yake, kwamba naye anatania, na walimwona kijana hodari kweli kweli, aliyeweza kusema maneno yale bila hata kutabasamu. Walipiga makofi. Mimi nilijua. Katika mwili ule mdogo nilikuwa na ujuzi wote wa mambo yatakayokuja, nikajaribu kupaza sauti, msicheke, huyu hatanii. Lakini kinywa kilikuwa cha mtoto, nacho kilikuwa kimejaa kicheko. Risasi ya kwanza ilipolia, bado kulikuwa na mtu anawika.

Baada ya uwanja njia ilikuwa njia ya kawaida, na mimi nikawa mtu mzima mwenye magoti mabovu. Niliuliza nyumba ya kwanza niliyoikuta, nikaelekezwa ya pili. Alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua kunde. Meno yalikuwa yamekwisha, unene umepungua, lakini nilimtambua. Alikuwa Bi Sikudhani, yule wa kigoda.

"Hodi," nilisema.

"Kama unauza, sinunui. Kama unaomba, sina. Karibu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mla mawe." Hakuwa amenitazama bado. "Nimesikia harufu tangu ulipoanza kushuka kilima. Hivi kule kwenu bado mnaoga mvua ikinyesha tu?"

Sikuwa nimetukanwa hivyo tangu utoto. "Na ninyi vyura," nilisema, sauti ikitetemeka, "bado mnalala na miguu majini?"

Hapo akanitazama. Akatikisa kichwa taratibu, akanisogezea mbuzi ya kukunia nazi nikae. "Mlikuwa wapi siku zote hizi?"

"Tulikuwa tunazika, bibi."

"Na sisi pia tulikuwa tunazika. Mume wangu yule pale ndani. Huu mwaka wa ngapi sijui, ananiuliza kama mbuzi wamerudi. Mbuzi gani?" Alirudia kunde zake. "Sema shida yako."

"Nimekuja kuomba mtani. Nimefiwa na kaka."

"Kaka yako nani?"

"Mhoja."

Vidole vyake vilisimama. "Amekufa, au amekohoa?"

"Amekufa, na amekohoa."

"Wa namna ile ndivyo wanavyokufa." Akasema kwa upole ambao sikuutarajia, "Nimengoja kumcheka mtu yule tangu nikiwa na meno. Sasa nitamcheka kwa ufizi. Nitakuja. Lakini nitalala kaburini, Nyamizi, kwa sababu wewe ndiye Nyamizi, uliyekuwa umekaa mapajani ukicheka na kamasi. Na mtani akilala kaburini anagombolewa."

"Tutatoa kuku, bibi. Tutatoa mbuzi."

"Kuku ninao. Mbuzi ninao pia, ingawa mume wangu hawaoni." Alijifuta mikono. "Nilikuwa na kijana, Kibwana. Siku ile ya Kivukoni aliazima kanga yangu ya kijani. Akaniambia, mama, naenda kuwachekesha wale watu warudi makwao. Nilimwambia airudishe safi. Tulipewa habari kwamba wote walichukuliwa na maji. Mimi nilizaliwa kando ya mto ule. Mto wetu ukimchukua mtu, baada ya muda unamleta."

Ningeweza kumwambia hapo hapo. Kanga ya kijani ilikuwa bado machoni mwangu. Lakini nilifikiri, nikimwambia hatakuja, na asipokuja Mhoja ataamka. Nikanyamaza. Nilikuwa na sababu nzuri, na sababu yangu ilifanana sana na sababu za kaka yangu.

Tulirudi pamoja, na jambo la ajabu, njia ilikuwa tulivu. Mtu akitembea na mtani wake vita havimwoni. Uwanjani kulikuwa na mbuzi wanakula. Mtoni maji yalifika magotini tu, tukavuka tukishikana mikono, yeye akilalamika kwamba mkono wangu ni mgumu na nitakufa bila mume.

Ng'ambo ya mto shamba la viazi lilikuwa kijani tupu. Bi Sikudhani alisimama. "Matembele gani haya," alisema, akainama, akaanza kuchuma majani na kuyaweka kwenye upindo wa kanga. "Nitawapikia kwenu, maana najua kupika hamjui."

"Bibi, acha."

Mkono wake ulibaki hewani. "Nini?"

"Acha tu, bibi. Tunachelewa."

Alinitazama kwa muda. Kisha akafungua upindo, majani yakaanguka, tukapanda mlimani.

Kaburi lilikuwa tayari. Mhoja alikuwa amelazwa kando yake juu ya kile kitanda cha kamba, na jeshi limezunguka, na mama yuko kichwani pake, sauti imemkauka kwa kusimulia habari za bata. Mhoja alikuwa amekunja goti moja. Macho yalikuwa yamefumba, lakini kwa namna ya mtu anayesubiri kusomewa taarifa.

Bi Sikudhani hakusalimia mtu. Alichukua kofia ya Kamanda iliyokuwa kifuani pa marehemu, akaivaa, akainua kidevu, akakaza goti, akaanza kukagua jeshi. Aliigiza sauti. Alimwuliza askari mmoja kwa nini pua yake haijapangwa mstari na pua za wenzake. Alimwamuru mwingine aache kupumua mpaka apate kibali. Nilimwona Mhoja mzima ndani ya kile kizee. Na hakuna aliyecheka. Midomo ilikazwa. Kizazi kizima kilikuwa kimejifunza kukaza midomo, na wengine hawakuwa wamewahi kuona mtani. Walimtazama mama wakitaka kujua kama huyu akamatwe.

Mhoja alikohoa. "Nani huyo?" aliuliza, macho bado yamefumba.

Bi Sikudhani alivua kofia. Alishuka kaburini, taratibu, kwanza mguu mmoja kisha mwingine, akalala chali, akakunja mikono.

Mama alimletea kuku. "Shika, mtani wetu. Utupishe tumzike ndugu yetu."

"Kuku ninao," ilisema sauti kutoka chini. "Mwiteni Nyamizi."

Nilisogea ukingoni. Alikuwa anatazama mbingu, si mimi.

"Mtani akichuma shambani kwako haombi," alisema. "Hilo unalijua. Hata wakati wa njaa hakuna aliyemzuia mtani kuchuma matembele. Wewe ulinizuia, na wewe si mchoyo. Nataka nijue kwa nini. Hiyo ndiyo bei yangu. Usiponiambia, mimi silipwi, na mzikeni kwingine."

Mhoja aliketi. Shuka ilimporomoka hadi kiunoni. Miguu yake ilikuwa inatafuta buti chini ya kitanda, inapapasa, na askari mmoja, kwa mazoea tu, akainama kumsogezea.

Niliwatazama watu wangu. Kila mmoja alikuwa amekula. Mama alikuwa amekula, naye alinichagulia vilivyo bora. Nikisema, hatutakuwa tena na Siku ya Ushindi, na pengine hatutakuwa na kitu kingine chochote, maana kila jambo letu tulilieleza kwa ushindi ule. Nisiposema, buti moja ilikuwa imeshaingia mguuni.

"Hawakuchukuliwa na maji," nilisema. "Walikuja na masufuria, wakapigwa risasi kwenye mchanga. Kibwana alikuwa mbele, na kanga yako. Kaka aliamuru wafukiwe pale pale, juu yao vikapandwa viazi. Ni viazi vile vya Siku ya Ushindi."

"Kimya," alisema Mhoja.

Tulikuwa kimya tayari. Mama alikuwa ameweka kiganja tumboni. Askari mmoja aligeuza shingo, akatazama chini kule mtoni, na mwenzake akageuza, na mstari ukaharibika.

"Mlivila?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Tulivila, bibi."

"Wote?"

"Wote. Kila mwaka."

Udongo kidogo uliporomoka ukamwangukia begani, hakuupangusa.

"Vilikuwa vitamu?"

Nilitaka kusema sijui. Nilitaka kusema sikumbuki. "Vilikuwa vitamu sana, bibi."

"Najua," alisema. "Mimi nilimlisha vizuri." Kisha sauti yake ikapanda, ikawa ile ya uwanjani, ya mwanamke mwenye meno. "Haya nyie wanaume wa mlimani. Mimi Kibwana nilimbeba miezi tisa, mkaniona jinsi nilivyovimba miguu. Ninyi mmembeba miaka yote hii, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia ana mimba. Wewe mwenye buti, hiyo yako ya mwezi wa ngapi?"

Askari aliyeulizwa, mtu wa makamo mwenye kitambi, alitazama kitambi chake. Mdomo ulimcheza. Alijitahidi, nilimwona akijitahidi, kisha kitu kikampasuka kooni na sikuweza kujua ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua. Mama akafuata, ameshika tumbo, akiita jina la Kibwana ambaye hakuwahi kumwona. Kikapita mstari mzima. Watu walikuwa wanaanguka magotini wakicheka, kamasi zinawatoka, wanaombana radhi.

Mhoja aliwatazama mmoja mmoja. Alinyoosha kidole, akatafuta wa kumwelekezea, hakumpata. Nilimwona akielewa. Alivua ile buti moja, akaiweka chini vizuri, akalala, akajivutia shuka mwenyewe.

Bi Sikudhani peke yake hakucheka. Alikuwa amelala pale pale, macho makavu, akisikiliza mpaka wote tulipoishiwa.

"Nitoeni," alisema. "Mzikeni huyu, kisha mnipe jembe."

Nilimpa mkono. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, ikabidi mama naye ashike.